Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Mafundi wanaojenga nyumba ya mwanangu kule Kibamba walizima chokaa wiki iliyopita. Waliimwaga kwenye pipa la maji, ikaanza kutokota na kufuka bila moto, nami niliyekuwa nimekaa pembeni nikichagua mchele wa chakula chao nikaweka ungo chini na kuondoka. Mjukuu wangu alinifuata akidhani nimeudhiwa na mtu. Sikuudhiwa. Harufu ile ya mawe yanayoungua majini ilinifika puani, na kwa kitambo nikawa tena mtoto wa miaka saba hivi, nimesimama nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Temeke, jicho moja kwenye ufa wa mbao, nikimtazama baba yangu akitembea juani.

Nyie wa rika langu mtaikumbuka Temeke ile, mchanga mtupu na nyumba za udongo zilizopangwa safusafu kama Mwingereza alivyotaka, na bomba moja la maji lililogombaniwa na mitaa mitatu. Sie tulikaa safu ya mwisho kabisa. Nyuma yetu ilikuwa mikorosho na vichaka, na mama zetu walitutishia navyo ili turudi nyumbani mapema. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba Temeke ilikuwa mwisho wa mji, wananiangalia kwa huruma kana kwamba nimeanza kupotea kichwani.

Baba alikuwa mtu wa genge la mji. Ndivyo tulivyowaita vibarua waliozibua mitaro, wakazoa taka, wakamwaga mafuta kwenye madimbwi kuua viluwiluwi vya mbu na kukarabati mabomba yalipopasuka. Hakuna aliyewaona siku za kawaida. Mtaro ukipitisha maji nani anauliza umezibuliwa na nani? Mguu wake wa kushoto uliwahi kuangukiwa na pipa kazini, ukapona vibaya, akawa anauburuta, kwa hiyo tulimsikia kabla hatujamwona: hatua moja, kisha mburuzo mchangani. Koti lake la kaki lilichanika mgongoni na Mama akalitia kiraka cha kanga nyekundu. Alisema anataka amwone mumewe kutoka mbali hata akiwa katikati ya wanaume mia.

Aliyesukuma naye rukwama la mapipa alikuwa Masanja, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu mno, mwenye tabia ya kuzungusha shingo kila akisimama, kana kwamba kola inambana, na wala hakuwa na kola. Hakuwa na mke wala mtoto hapa mjini. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, mnajua, wanatukanana asubuhi mpaka jioni na hakuna wa kukasirika. Masanja akifika kwetu hakupiga hodi ya watu wazima.

"Hodi kwa watumwa wangu! Mmeamka au bado mnauguza uchovu wa ngoma ya jana?"

"Pita, mpagazi," Baba alijibu. "Tua mzigo wa Waarabu, upumzike."

Mama alikuwa akicheka hadi anashika mbavu, kisha anampa uji kwenye bakuli la Baba. Mie nilimwamkia shikamoo Mtani, naye aliitika marahaba kwa sauti nzito kama shekhe, halafu ananikonyeza.

Lakini mtani hasa utamjua msibani. Kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia, fundi cherehani wa safu yetu alifariki. Mjane wake alikaa siku mbili bila kula wala kutamka neno, macho yamemkauka, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba huyu naye tutamzika. Hapo akaingia Masanja. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na miwani ya marehemu iliyofungwa uzi sikio moja. Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga kanyagio bila kitambaa, akaanza kuwafokea wateja kwa sauti ileile ya fundi ya puani: "Nimesema njoo Ijumaa! Ijumaa ipi? We njoo Ijumaa tu, hutanikosa!" Mjane akapasuka kicheko. Alicheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikatulia, akaomba uji. Masanja alipoona amekunywa, alivua kofia, akaikunja miwani, akaviweka vyote juu ya cherehani na kutoka nje kwa miguu yake mwenyewe.

Naapa, mie nilimwona fundi akiondoka wakati ule ule. Mpaka dakika ile alikuwa bado yumo chumbani. Basi nikajitungia sheria yangu kichwani, ambayo hakuna aliyenifundisha na sikumuuliza mtu: marehemu haondoki kabisa mpaka mtani avue nguo zake, na mtani havui mpaka wafiwa wacheke.

Halafu ndui ikaja. Mama hakutaka jina hilo litamkwe ndani. Alisema "ule ugonjwa", na kuanzia siku hizo alitundika majani ya mwarobaini juu ya kila mlango. Tulipangwa foleni tukachanjwa. Mkono wangu ulitunga usaha na kovu ninalo hadi leo, na wa Mama vilevile. Wa Baba chanjo haikushika, ulikauka tu, kana kwamba hakuguswa, naye akajigamba kwamba ngozi ya Mzaramo ni ngumu, haipitishi sindano. Masanja, ambaye wake ulikauka pia, akasema ya Mnyamwezi ni ngumu zaidi, imebeba pembe za ndovu.

Watu wa nyumba mbili katika safu yetu walipougua, bwana afya alikuja na kamba zilizofungwa vitambaa vyeupe, zikavutwa mwanzo na mwisho wa safu. Karantini. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, bombani marufuku. Kazi yote ya kutuweka hai ikawa ya genge: kutuletea maji, kuzoa taka, kumwaga chokaa vyooni, kuwabeba wagonjwa, na kuchoma kila alichogusa mgonjwa. Wanaume wale waliamriwa walale kwenye banda la kazi, wasirudi kwao, na wasizungumze na watu wa ndani ya kamba. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Baba alisimama mlangoni siku hiyo na koti lake, akaongea haraka kama mtu anayechelewa.

"Nitapita kila siku saa saba. Acheni mtungi nje, mfunge mlango. Nikishamimina nitagonga pipa mara tatu. Mkisikia hivyo, jueni mie mzima." Kisha akaniinamia. "Na wewe, bibi mdogo, ukitaka kuniona chungulia kwenye ufa. Usifungue."

Mwanamke wa nyumba iliyoungana na yetu, Bi Pili, aliyekuwa akiishi peke yake, alinipa onyo lake kupitia ukutani, kwa maana tuliongea kupitia ukutani siku hizo, midomo karibu na udongo. "Mwanangu, mwenye mimba hashtuliwi. Ukiona jambo baya, meza. Umesikia? Meza." Nikamwambia nimesikia.

Watu wengi huogopa giza. Mie tangu enzi zile naogopa mchana, ile saa saba ya jua la utosi ambapo hata kuku wanajificha. Safu yetu ilinyamaza kabisa. Ungeona milango yote imefungwa na mitungi imesimama nje, mmoja kila mlango, ikingoja. Kisha genge lilitokea kwa mbali bila kusema neno, nyuso zimefungwa vitambaa mpaka chini ya macho, miguu imejaa chokaa ya vyooni hadi magotini. Mtu mwenye miguu myeupe akitembea juu ya mchanga mweupe kwenye mwanga ule, miguu haionekani. Unaona viwiliwili tu vinaelea, vinakuja, vinainama juu ya mtungi, vinaondoka. Nilikuwa nikijua ni baba zetu na bado nywele zilinisimama.

Lakini nilimtambua wangu. Kiraka chekundu, hatua na mburuzo. Aliinua debe, akamimina bila kumwaga tone, akagonga pipa kwa kipande cha chuma mara tatu. Mara nyingine aliutazama ufa na kufumba jicho moja. Mama akiwa amelala kwenye mkeka alisema, "Baba yako huyo, kapita," nami nikasema, "Ee, kapita," na ndipo tulipokula chakula cha mchana.

Asubuhi moja nilimwamkia Bi Pili ukutani, hakuitika. Nikamwamkia tena. Mchana wanaume wanne wa genge waliingia kwake wakatoka na kitu kirefu kilichoviringishwa mkeka, na baadaye wakatoa godoro lake la pamba, kanga zake zote, hadi kofia aliyokuwa akimfumia mjukuu wake, wakavichoma nje. Mlango wakaupaka chokaa. Mlango mweupe ulimaanisha ndani hakuna mtu. Nilimwambia Mama kwamba Bi Pili amehamia kwa bintiye, akanitazama muda mrefu, akasema, "Vizuri, atapata wa kumpikia." Nikajipongeza kwa kumeza vizuri. Lakini kwa siku kadhaa niliendelea kuweka sikio kwenye udongo ule, na kuna wakati ningeapa kwamba kuna mtu upande wa pili naye ameweka sikio lake.

Siku niliyomkosa Baba ilianza kama nyingine. Saa saba, viwiliwili, kiraka chekundu, hatua na mburuzo. Alimimina, akagonga mara tatu. Hakufumba jicho. Mama akasema, "Baba yako huyo, kapita." Kwa kuwa hakunifumbia jicho nilibaki ufani, nikamfuata kwa macho akienda mlango kwa mlango, akiuburuta mguu wa kushoto kama kawaida, mpaka nyumba ya mwisho. Alipoipita, karibu na mikorosho, akasimama. Akanyooka. Nilimwona akirefuka ndani ya koti la Baba mpaka mikono ya koti ikaishia katikati ya mikono yake. Akazungusha shingo, kushoto, kulia. Kisha akaondoka kwa miguu miwili mizima.

Siwezi kuwaeleza hofu ile nikaimaliza. Kwanza nilidhani ni kitu, si mtu, kitu kilichojifunza kutembea kama baba yangu. Kisha nikaikumbuka ile shingo, nikamjua Masanja, na afadhali ningebaki na lile dubwana. Kwani mtani huvaa nguo za nani? Mtani huigiza mwendo wa nani? Nilikaa chini nyuma ya mlango, mgongo kwenye mbao, na nikajua kwamba baba yangu amekufa na matanga yake yanafanyika pale nje, mchana kweupe, mbele yetu, na Mama hajui.

Nikameza. Bi Pili alisema nimeze.

Kila siku Masanja alipita, na kila siku tuliongea maneno yaleyale, Mama na mie. "Kapita?" "Kapita." Siku moja Mama alisema, "Leo anauburuta sana ule mguu." Nikamjibu, "Kachoka." Akasema, "Ee, kazi nyingi," akageukia ukutani. Maji yale niliyanywa kwa kuziba pua. Na nilijichunga nisicheke. Mama alinitekenya siku moja ili anichangamshe, nikamkodolea macho kama shetani, akaacha. Nani angenielewa? Nilikuwa na kazi kubwa kuliko ya mtu yeyote katika safu ile. Fundi cherehani aliondoka wakati mkewe alipocheka na kofia ilipovuliwa. Sie tusipocheka, mtani hatavua. Asipovua, Baba hajaondoka bado, yuko njiani tu kati ya mlango wetu na mikorosho, anakuja kila siku saa saba.

Basi ikafika siku ile. Jua lilikuwa kali kuliko siku zote na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa vile vitambaa vya karantini. Masanja alimimina maji kwenye mtungi wetu, akasimama, akajifuta shingo kwa kiganja. Akaweka debe chini. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja, cha pili, akatoa bega moja nje. Nilimwona akilitazama rundo la taka la kuchomwa lililokuwa mwisho wa safu, tayari linafuka moshi. Bega la pili likaanza kutoka.

Niliweka mdomo kwenye ufa. "Shikamoo, Mtani. Usilivue."

Akaganda. Macho yake, kitu pekee kilichoonekana usoni, yakautafuta mlango mpaka yakanipata.

"Marahaba," akasema polepole. Marufuku aliisahau. "Umenijua?"

"Nimekujua."

"Mama yako je?"

"Hajui. Kalala. Usilivue, Mtani, nakuomba."

Alisimama vilevile, bega moja ndani, bega moja nje. Sasa najua aliwaza nini: kwamba huyu mtoto anamlinda mamaye na tumbo lake, asijue kwamba mumewe hayupo kazini. Hakuweza kujua kwamba namwomba asimzike baba yangu. Hakuniambia chochote juu ya Baba kwa sababu alidhani nimekwishajua. Nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimekwishajua pia.

"Haya, mtumwa wangu," akasema. "Amri yako. Silivui."

Akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, katika jua lile. Akagonga pipa mara tatu, akaondoka akiuburuta mguu.

Alipita siku nyingine kadhaa. Kisha akaja mtu mwingine mwenye koti lake mwenyewe, akamimina maji yetu akamwaga nusu, wala hakugonga kitu. Nililia siku hiyo mpaka nikatapika. Mama aliniuliza nini, nikasema tumbo. Alinilaza juu ya mapaja yake, akawa ananipapasa kichwa. Hakusema, "Baba yako kapita." Hakusema tena maneno hayo hata mara moja, na sikushangaa, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilijiona mie peke yangu mwenye macho.

Mdogo wangu alizaliwa ndani ya karantini, mkunga akiruhusiwa kuingia kwa kibali cha bwana afya na kuoshwa kwa dawa hadi kwenye nywele. Baada ya hapo kamba zilikatwa. Watu walitoka nje wakatazamana kama wageni, kila mmoja akihesabu milango myeupe kimoyomoyo.

Ndipo mtu mmoja akaja kutoka upande wa mikorosho. Uso wake ulikuwa mashimo matupu na jicho la kulia limeingia ukungu. Alikuwa amekonda, amevaa shati jipya la kutolewa bure, na aliburuta mguu wa kushoto. Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Mie nilikimbilia nyuma ya mtungi. Mtani mwingine, nikasema moyoni, wamemleta mtani mwingine, na huyu ana mwendo wa Baba hasa.

"Bibi mdogo," akasema. "Huniamkii?"

"Tembea," nikamwambia.

Mama alitaka kunikemea, yeye akamzuia kwa mkono. "Nitembee wapi?"

"Mpaka mwisho wa safu. Uipite nyumba ya mwisho."

Akatembea, mtu aliyetoka kitandani wiki ile. Hatua na mburuzo, mlango kwa mlango, nami nyuma yake kwa mbali, nikingoja anyooke. Akaipita nyumba ya mwisho. Akafika kwenye mikorosho. Akasimama, akageuka kunitazama, amepinda upande kama siku zote, na akarudi akiuburuta ule mguu. Alikuwa bado anaburuta alipofika kwangu. Nilimkumbatia mguu wenyewe, ule mbovu, na sikuuachia mpaka magharibi.

Baada ya chakula alituambia. Homa ilimshika kazini, akapelekwa kambi ya wagonjwa, na kabla ya kubebwa alimwomba Masanja jambo moja tu: nyumbani wasijue mpaka mtoto azaliwe. "Koti sikumwambia avae," Baba akasema. "Koti lilitupwa kwenye lundo la kuchomwa. Alilichomoa mwenyewe, kwa ajili ya kiraka. Mnyapara alipogundua akamwambia livue likachomwe, naye Masanja akasema atalivua mchana uleule. Hakulivua. Nilikuwa naanza kupona alipoletwa kambini, wakamlaza mkeka wa jirani. Nikamuuliza, we mpumbavu, mbona hukulivua? Akacheka tu. Akasema koti la Mzaramo tamu."

Alifia pale pale, na Baba ndiye aliyemfumba macho.

Niliyasikia hayo nikiwa nimeshika tonge. Lilibaki mkononi mpaka likakauka. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Nilikwishaona kofia ya mjukuu wa Bi Pili ikichomwa na nilijua kwa nini inachomwa. Sikumwangalia Mama wala Baba. Masanja angeweza kusema, na angesamehewa: mwanao ndiye aliyenizuia. Alilala siku zile zote karibu na baba yangu, anaungua, na hakusema.

Mama alipomaliza arobaini ya uzazi, Baba alitupeleka alikozikwa. Kwa desturi yetu wanawake hatuendi makaburini, na Mama alimkumbusha hivyo. Baba akajibu kwamba pale si makaburini, ni handaki la serikali lililomwagiwa chokaa, na kwamba mtani hatambulishwi kwa wafu bila wafiwa kuwepo. Masanja alikuwa na wafiwa gani mjini hapa zaidi yetu? Tukaenda, Mama na mtoto mgongoni, mie nimeshika mkono wake. Palikuwa na udongo mwekundu uliotitia, na juu yake ukoko mweupe uliopasukapasuka. Hakuna jiwe lenye jina. Baba hakujua ni sehemu gani hasa, akachagua moja.

Alisimama, akatunisha kifua, akaanza. Sauti yake ilikuwa mbaya, imekwaruza, lakini akaikaza.

"We Mnyamwezi! We mpagazi usiye na haya! Umezoea kubeba vya watu, safari hii umebeba ugonjwa wangu, nani alikutuma? Nirudishie koti langu! Umeondoka nalo mwizi mkubwa, mke wangu kalitia kiraka kwa kanga mpya, nirudishie!"

Akageuka kututazama kwa jicho lake moja zima. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani hutukana, wafiwa hucheka, na marehemu hupewa ruhusa ya kwenda. Tusipocheka Masanja angebaki pale, katikati ya njia, nami nilijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani maana ya kumweka mtu katikati ya njia. Nikabaki nautazama ule ukoko mweupe. Baba akasubiri. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, karibu kumsihi: "Nirudishie koti langu, Masanja."

Mama akainama kana kwamba anamfunga mtoto vizuri mgongoni, mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Sikuwa nimelala siku ile," akasema. "Nilimjua tangu siku ya kwanza alipopita. Nilikusikia mlangoni, kila neno. Na mie sikutaka alivue."

Nilimtazama. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mwanamke aliyesimama siku nyingi upande wa pili wa ukuta.

"Cheka, mwanangu," akasema. "Baba yako anangoja."

Nikacheka. Na Mama naye akacheka, kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, mpaka mtoto akaamka, na Baba alipotuona akafurahi, akaendelea kumtukana Masanja mpaka jua likapungua makali.